Daftari Lililobaki Duka Lilipofungwa

Siku ya mwisho ya duka letu la vitabu hapa Tanga ilikuwa Jumamosi, na tangu nianze kazi pale mwaka 1997 sikupata kuona watu wengi namna ile. Walijaa hadi varandani. Asubuhi kila kitabu kilikuwa nusu bei, baada ya adhuhuri kikawa robo. Walimu niliowajua kwa sura, ambao kwa miaka walikuwa wakiingia, wakigeuza kitabu nyuma kuangalia bei na kukirudisha taratibu, siku hiyo walitoka na viroba. Mama mmoja wa Chumbageni alinishika mkono akalia. "Sasa dada, watoto wetu watasoma nini?" Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyazuia machozi tangu tulipofungua mlango.

Nasimulia haya kwa sababu tangu siku ile nimesikia watu wengi wakieleza kwa nini maduka ya vitabu yanafungwa, eti watu wetu hawasomi, eti simu zimeua vitabu, na maelezo yao hayafanani na niliyoyaona nikiwa nyuma ya kaunta.

Duka lile lilikuwa tawi. Kampuni ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam na matawi katika mikoa kadhaa, na tawi la Tanga lilikuwa katikati ya mji, ng'ambo ya reli ukitokea Ngamiani. Lilikuwa na feni tatu kubwa, rafu za mninga kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa, na sakafu ya baridi ambayo wanafunzi wa sekondari waliikalia kila Jumamosi wakisoma vitabu wasivyokuwa na uwezo wa kuvinunua. Hatukuwafukuza. Meneja wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, na alituambia anayesoma leo akiwa amekaa chini atarudi siku moja na fedha mfukoni. Wengine walirudi kweli. Namkumbuka mmoja aliyerudi akiwa muuguzi, akaulizia kitabu kile kile alichokuwa akikisoma sakafuni miaka saba nyuma.

Meneja huyo ndiye aliyeanzisha daftari. Lilikuwa kaunta buku nene lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kaunta. Mteja akiulizia kitabu ambacho hatuna, tuliandika tarehe, jina lake, anakoishi na anachotaka. Kila Ijumaa mchana meneja alilifungua, akapiga simu Dar, akaagiza. Kitabu kikifika na mwenyewe akikichukua, mstari wake ulikatwa kwa wino mwekundu. Nilipoajiriwa, kila ukurasa ulikuwa mwekundu zaidi ya nusu.

Wakati ule vitabu vya shule ndivyo vilivyolisha duka. Tangu mwaka 1991 serikali ilikuwa imewaachia wachapishaji binafsi kazi ya kutoa vitabu vya kiada, kwa hiyo somo moja liliweza kuwa na vitabu vya wachapishaji watatu au wanne, na shule ikachagua. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, shule zilianza kupokea ruzuku ya kila mwanafunzi, na sehemu yake ilikuwa ya vitabu. Walimu wakuu walikuja na barua na mihuri kutoka Pangani, Muheza hadi Korogwe. Mwezi wa kwanza na wa pili tulikula mchana tumesimama. Faida ya miezi hiyo ndiyo iliyolipia tenzi, kamusi, vitabu vya ufugaji na vya ushonaji, ambavyo kimoja kiliweza kukaa rafuni mwaka mzima kikimsubiri mtu wake.

Halafu meneja wetu alistaafu mara ya pili, na kama mwaka 2006 kampuni ikaleta kompyuta. Sikuipinga kompyuta. Lakini pamoja nayo uamuzi wa kuagiza ulihamia Dar es Salaam. Tangu hapo hatukuagiza, tuliletewa. Sisi wenyewe tuliita mgao. Katoni zilishuka kwenye lori, tukatia saini, tukapanga. Mwaka mmoja tulipata katoni mbili za vitabu vya kilimo cha pamba, sawasawa na walivyopata wenzetu wa Mwanza. Tanga ni mkonge, ni nazi, ni machungwa ya Muheza na iliki ya Amani. Vitabu vile vilibaki hadi majalada yakapauka kwa jua la dirishani. Daftari liliendelea kufungwa kwenye mguu wa kaunta, na tuliendelea kuandika kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yetu na ni aibu kumwambia aondoke hivi hivi. Ila Ijumaa hapakuwa na mtu wa kulifungua. Ukipitia kurasa za miaka hiyo, wino mwekundu unaadimika, halafu unakatika kabisa.

Mwisho wa mwaka 2011 nilipokea kasha kutoka Marekani. Mdogo wangu ameolewa huko, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, na ndani ya kasha kulikuwa na vitabu kumi na vinne vyenye vibandiko vya bei iliyokatwa mara tatu. Alinieleza kwa simu kwamba duka kubwa la mjini kwao, Borders, limefungwa, na si hilo tu, yote nchi nzima. Nilimwuliza maswali mengi hadi salio lake likaisha.

Borders ilianzia katika mji huo huo mwaka 1971, duka dogo la ndugu wawili, Tom na Louis Borders. Kilichowakuza ni mfumo wa kompyuta walioubuni wa kufuatilia nini kinauzwa na wapi, ili kila duka liwe na vitabu vya watu wake. Mwaka 1992 Borders ilinunuliwa na Kmart, kampuni ya maduka ya bidhaa za kila namna. Mwaka 2001 wakaikabidhi Amazon kazi ya kuwauzia vitabu kwenye intaneti, yaani mshindani wao mwenyewe. Februari 2011 waliomba ulinzi wa mahakama ya muflisi wakiwa na maduka zaidi ya 600, na Julai ikaamuliwa yafungwe yote 399 yaliyokuwa yamesalia, yenye wafanyakazi wapatao 10,700. Kufikia Septemba hapakubaki hata moja.

Mdogo wangu alinisimulia walivyopanga foleni, na jinsi mji ulivyogawanyika. Wako waliolia, wakisema walikutana na wachumba wao kati ya zile rafu. Wako waliosema na lifungwe, maana lenyewe lilipokua liliwamaliza wauza vitabu wadogo wa mitaa ya jirani.

Nilipofika kazini nilimweleza mwenzangu wa kaunta. Akaguna. "Hayo ya kwao, dada. Wao wana Amazon, sisi tuna shule." Nami niliamini hivyo hivyo.

Mwaka 2013 fedha za rada zilikuwa gumzo mji mzima. Kampuni ya Uingereza, BAE Systems, ilikuwa imelipa pauni milioni 29.5 kutokana na sakata la kuuzwa kwa rada kwa nchi yetu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikanunua vitabu vya shule za msingi. Nilifurahi kama mzazi. Mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la tano, na kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akisema kitabu wanakitumia wawili badala ya watano. Ila vitabu hivyo havikupita kaunta ya duka lolote la mkoani. Mwaka huo huo utaratibu mzima ukabadilika: kamati iliyokuwa ikitoa ithibati kwa vitabu vya wachapishaji ilivunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, somo moja kitabu kimoja, kutoka serikalini hadi shuleni. Barua zenye mihuri zikakoma. Januari ilikuja, tukala mchana tumekaa.

Sitasema uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa watoto. Kitabu kilicho mikononi mwa mtoto kina thamani kuliko kilicho rafuni kwangu. Nasema tu kilichotokea: uti wa mgongo wa duka uliondoka, na duka halikuwa na kingine cha kusimamia, kwa sababu kwa miaka minane hatukuwasikiliza wale wengine wote waliokuwa wakiingia kutafuta kitu kisicho cha shule. Tulidumu hadi mwaka 2015.

Siku ile ya mwisho, kati ya wote waliokuja, ninayemkumbuka zaidi ni mzee mmoja ambaye hakununua kitu. Aliwahi kuwa na duka dogo la vitabu mtaa wa pili: misahafu, juzuu amma, kalamu, magazeti, vitabu vichache vya hadithi. Tawi letu lilipofunguliwa, kabla mimi sijaajiriwa, tuliuza madaftari kwa bei ambayo yeye asingeiweza, maana sisi tulinunua kwa malori. Alifunga. Jumamosi ile alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza kwenye nguzo, akaniomba kiti. Alikaa kama saa moja akitazama watu wakipita na viroba. Alipoinuka aliniambia, bila kinyongo, "Mimi nilipofunga, mwanangu, hakuja mtu."

Maneno hayo yalinikaa. Sisi tulililiwa kwa sababu tulikuwa wakubwa na tulikuwa na feni. Yeye alikuwa akijua kila nyumba ya mtaa ule ina msomaji gani, na maarifa yake yaliondoka siku moja kimya kimya, hata sisi tuliokuja kukalia nafasi yake hatukumwuliza.

Mhasibu aliyetoka Dar kuhesabu mali aliorodhesha kila kitu: rafu, feni, mizani ya bahasha, hadi ndoo. Nilimwomba lile daftari. Alilifunua kidogo akanipa. "Chukua dada, hizo ni karatasi tu."

Nililisoma usiku ule kitandani, ukurasa kwa ukurasa. Mvuvi wa Sahare alitaka kitabu cha kutengeneza mashine ya boti, kwa Kiswahili. Mkunga wa Pongwe. Fundi redio. Bibi wa Msambweni alitaka tenzi zenye maandishi makubwa kwa sababu macho yamechoka. Kijana wa stendi alitaka "kitabu chochote cha historia ya reli ya Tanga". Mkulima wa Muheza aliandikwa mara tatu, miaka mitatu tofauti, kitu kile kile: magonjwa ya michungwa. Zilikuwepo kurasa tano mfululizo bila mstari hata mmoja uliokatwa.

Ndiyo maana msemo ule kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu unanichoma. Nimeusikia msibani, nimeusikia kwenye daladala, na wiki ile duka lilipofungwa niliusikia kila siku, pamoja na ule wa simu kuua vitabu. Mji huu ulipiga chapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, enzi za Mjerumani, katika shule ya serikali. Shaaban Robert amezaliwa na kuzikwa hapo Machui, mwendo wa baiskeli kutoka ninapokaa. Na nilikuwa na daftari zima la watu waliokuja kwa miguu yao, wakataja kitabu, wakaacha jina, wakaondoka mikono mitupu. Simu haikumzuia yule mkulima wa Muheza. Alikuja mara tatu.

Kwa kiinua mgongo na mkopo wa kikoba nilipanga fremu Ngamiani, si mbali na soko la Mgandini, na kwenye mnada wa vifaa nikanunua rafu mbili kati ya zile za mninga. Zililetwa kwa mkokoteni. Ningependa kusema kwamba nilianza na daftari, lakini sivyo. Nilianza kwa kuiga duka lililokufa. Nilinunua mitihani iliyopita, vitabu vya mazoezi, na vya kiada vya wachapishaji vilivyokuwa vikiuzwa rahisi, bila kujiuliza kwa nini vimekuwa rahisi. Shule zilikuwa hazivitumii tena. Nusu ya mtaji wangu ililala kwenye rafu zile zile, na miezi sita ya kwanza kodi ya pango niliilipa kwa fedha za vitumbua alivyokuwa akipika dada yangu.

Ni yeye aliyenigutusha. Jioni moja alikuwa amekaa dukani akinisubiri tufunge, akalifunua daftari, akauliza, "Huyu wa Sahare alishapata kitabu chake?" Nikamwambia sijui. "Si kuna namba yake ya simu hapa?"

Nilianza kesho yake. Kwenye mistari ya zamani hapakuwa na simu, paliandikwa tu "Mikanjuni, nyuma ya msikiti" au "Makorora, ulizia fundi cherehani". Nilikwenda kwa baiskeli, siku za Jumapili. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamefariki, na familia zao zilinikaribisha chai zikishangaa kwamba marehemu aliwahi kutaka kitabu. Wengi walikuwepo. Yule bibi wa Msambweni alinikalisha hadi alasiri. Mkulima wa Muheza aliponiona kwenye shamba lake na kijitabu cha magonjwa ya michungwa, nilichokipata kwa bwana shamba, hakuuliza bei. Aliingia ndani akatoka na fedha na tenga la machungwa ambalo nilishindwa kulibeba kwenye baiskeli.

Namna ninavyopata vitabu si siri, na anayetaka kuanza angalau ajue. Vipya nachukua kwa wachapishaji wa Dar kwa mali kauli: wananiletea, nikiuza nalipa, kisichouzwa narudisha kikiwa safi. Ukichelewesha malipo mara mbili jina lako limekwisha, kwa hiyo fedha ya kitabu cha watu siigusi hata nyumbani pakiwa hapana unga. Vya mtumba ninaletewa na kijana anayezungukia meza za wauza vitabu mjini Dar. Nampelekea orodha kwa simu, anatafuta, anafunga mfuko na kuuweka kwenye basi la asubuhi. Baada ya adhuhuri naupokea stendi. Vitabu vinavyokuja bila kuwa kwenye orodha navichukua vichache sana. Nimejifunza kukataa hata vizuri.

Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba mwaka 2013, katika mji wao, lilifunguliwa duka dogo la vitabu liitwalo Literati, na wenye duka walinunua rafu za Borders. Nilicheka kwa furaha nilipozitazama zangu. Na nimesoma habari za James Daunt, ambaye mwaka 2011 alikabidhiwa maduka ya Waterstones kule Uingereza yakiwa hoi, na mwaka 2019 akapewa Barnes & Noble ya Marekani. Aliwaachia wauzaji wa kila tawi wachague wenyewe vitabu vya kuagiza na kuweka mezani, na kule Waterstones akazikataa fedha ambazo wachapishaji walikuwa wakilipa ili vitabu vyao viwekwe mbele. Maduka yale yakapata nafuu. Nilimkumbuka meneja wetu na Ijumaa zake. Hakuwa na cheo chochote kikubwa, lakini alilijua jambo hilo hapa Tanga, kwa kaunta buku na kalamu nyekundu.

Fremu yangu haijaziba pengo, na sitaki mtu adhani hivyo. Ina benchi moja. Wanafunzi wanne wakikaa, wa tano anasimama mlangoni juani. Maktaba ya mkoa ipo na ninawaelekeza huko, lakini kusoma maktaba na kusoma mahali ambapo kitabu kinaweza kuwa chako ni mambo mawili, na duka lile lenye sakafu ya baridi liliwapa vijana hilo la pili bure kwa miaka karibu ishirini. Nikipita pale sasa panauzwa vyombo vya plastiki. Natembea upande wa pili wa barabara.

Mwezi uliopita wakala wa mchapishaji mmoja alinipigia kuhusu kitabu kipya cha kukata na kushona nguo. Akauliza aniletee katoni ngapi. Nikamwambia asubiri, nikafungua daftari. Hili ni la tatu sasa. Lile la duka nimelifunga kwa kitambaa liko kabatini. Nikahesabu kwa kidole: wanne wa Mabawa, kikundi cha kina mama wa Makorora, mwalimu wa ufundi, binti wa jirani aliyeandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, na wengineo.

"Kumi na tatu," nikamwambia.

"Kumi na tatu? Dada, wote wananiambia katoni."

"Lete kumi na tatu."

Vilifika Alhamisi kwa basi. Jumamosi jioni vilibaki viwili, vya watu waliosafiri.